Barabara ya Mchepuko na Uso wa Minko

Barabara Kuu, namba 118,
Mtaa wa Chini,
Yasenograd.

Jumapili, 17 Novemba 2019

Mpendwa wifi yangu Genoveva,

Salamu kwanza, mengine baadaye, kama mama yenu alivyotufundisha kuandika barua. U hali gani, wifi? Nyonga waliyokuwekea mwezi wa nne imeshakuzoea, au bado unaiburuta kama kiatu cha kuazima? Na kifua cha mumeo Plamen je? Mwambie baridi ya Toronto haina adabu, ajifunike vizuri, na ile fulana niliyomfumia si ya kuwekwa kabatini.

Mimi sijambo. Presha inapanda, inashuka, nimemwachia daktari ahangaike nayo. Goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Mwezi wa tisa nilichoma pilipili hoho uani, nikazimenya, nikazisaga, nikajaza chupa thelathini na sita kama kila mwaka. Nilipofunga chupa ya mwisho nikakaa kitako nikajiuliza nani atazila zote hizo. Ukipata mtu anayekuja huku, mtume azibebe.

Kaburi la wazazi wenu nimelipaka chokaa upya. Mti wa jozi aliopanda baba yenu umezaa sana mwaka huu, nimeanika magunia mawili kwenye dari. Nyumba ya jirani wa kushoto imeuzwa, aliyeinunua hajaonekana, nyasi zimefika madirishani.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua badala ya kupiga simu. Kwenye simu za siku hizi unaniona uso, wifi, na leo sitaki unione. Tena kwenye simu ningeanza na hali ya hewa na kumalizia na hali ya hewa. Nina jambo la kukueleza. Linamhusu kaka yako, na aliyelitenda ni mimi. Nitalifikia, ila nivumilie nianzie mbali kidogo.

Tangu Minko afariki nyumba imenipwaya. Unaikumbuka tabia yake ya kusikiliza habari za hali ya hewa, kisha kuja jikoni kunirudia neno kwa neno, kana kwamba mimi sina masikio? Miaka arobaini na sita niligombana naye kwa hilo. Sasa nazisikia habari hizo mara moja tu, halafu najikuta nimesimama na mwiko mkononi, nangoja kuambiwa tena.

Ognyan hupiga simu kila Jumapili kutoka Stuttgart. Ananiuliza nimekula nini, namwambia, kisha tunatazamana. Anataka nihamie kwake. Ni mtoto mzuri, sina la kumlaumu, ila ana kazi na watoto, na kila baada ya dakika anaangalia pembeni. Nikihamia huko nitakuwa mtu wa kuangaliwa pembeni mchana kutwa. Nimemwambia nitafikiria, naye anajua maana yake.

Kwa hiyo kilichobaki ni barabara. Wewe ulipoondoka mwaka 1991 yalikuwa yanapita malori machache. Sasa ni malori tangu alfajiri mpaka usiku, ya Waturuki, ya Waromania, ya Wajerumani. Vyombo vinagongana kabatini, na ukuta wa mbele una ufa wa kuingia vidole vyangu. Nimeyalaani malori hayo kuliko mtu yeyote katika mtaa huu, hilo unalijua, uliyasikia matusi yangu hata kwenye simu. Lakini Minko alipofariki nikagundua jambo ambalo sikulitarajia. Nikikaa dirishani asubuhi na kahawa yangu, hao madereva ndio watu pekee wanaonitazama.

Kuna Mturuki mmoja, anaitwa Dursun, hupita kila Alhamisi akipeleka vigae. Minko alikuwa anakaa kwenye benchi pale nje, Dursun anampigia honi mbili, naye Minko anainua kofia. Kaka yako aliyachukia malori akawapenda madereva, alikuwa hivyo. Mwezi wa tano Dursun alipoona utepe mweusi getini kwetu alisimamisha lori lake katikati ya barabara, walio nyuma wakapiga makelele, yeye akashuka na boksi la tini kavu, akanikabidhi, akaweka mkono kifuani na kuondoka bila neno. Tangu hapo honi mbili ananipigia mimi. Nami nainua mkono. Siku za Alhamisi navaa kitambaa changu kizuri cha kichwa. Nicheke, nami najicheka.

Sasa niingie kwenye mchepuko wenyewe.

Unajua kaka yako alivyoihangaikia barabara ya mchepuko tangu Parvoleta, mke wa Stamen, jirani yetu wa ng’ambo ya barabara, alipogongwa na lori akivuka kwenda kununua mkate. Huo ulikuwa mwaka 2000. Miaka kumi na tisa Minko aliandika barua, akakusanya saini nyumba kwa nyumba, akachora ramani kwa kalamu za rangi juu ya meza yetu ya chakula, mimi nikawa nakula kwenye kona. Alitaka malori yachepuke kabla ya daraja, yazunguke nyuma ya mashamba ya mizabibu, na kurudi kwenye barabara kuu mbali kabisa na nyumba ya mwisho ya mji. Kila ofisi ilimwambia atajibiwa.

Alikufa mwezi wa nne, na mwezi wa kumi wakajibu. Watu wa mipango walikuja na njia mbili kwenye ramani. Njia ndefu ni karibu ileile ya Minko. Njia fupi ni ya gharama ndogo: inaokoa katikati ya mji, soko na kanisa na maofisi yao, kisha inarudi kwenye barabara ya zamani pale kwenye kinu, kabla haijafika kwetu. Yaani wao wapate utulivu, na sisi wa Mtaa wa Chini tubaki na kila lori linalotoka Uturuki. Wakaitisha mkutano wa wakazi kwenye ukumbi wa mji, Alhamisi tarehe 31 Oktoba, kila mtaa useme unataka njia ipi. Matangazo ya mkutano yakabandikwa. Kwetu yalikuwa manne: kituo cha basi, duka la mkate, lango la makaburi, na nguzo ya umeme mbele ya kwa Stamen.

Na wewe unajua ni kitu gani kingine hubandikwa mahali hapo. Huko kwenu sijui wafu wanatangazwa vipi, lakini hapa hatujabadilika. Siku ya kifo, siku ya arobaini, miezi sita, mwaka, unachapisha tangazo la marehemu lenye picha yake na maneno machache, unalibandika mlangoni na kila wanapopita watu. Na hakuna anayelibandua. Mvua ikilibandua sawa, jua likilibabua sawa, lakini mkono wa mtu haulisogelei. Hata wagombea wa uchaguzi, na unajua walivyo na uroho wa nafasi, hujibanza pembeni ya wafu wetu.

Tarehe 20 Oktoba Minko alitimiza miezi sita. Nilichapisha matangazo kumi na moja kwa ile picha ya harusi ya Ognyan, ile aliyovalishwa tai kwa nguvu. Ijumaa asubuhi, siku mbili kabla, nikatoka nayo. Siku hizi watu wanatumia selotepu, upepo ukivuma kidogo marehemu yuko mtaroni. Mimi nilipika gundi ya unga wa ngano kama alivyopika mama yangu, nzito, nikaibeba kwenye sufuria ndogo pamoja na brashi ya rangi.

Kituo cha basi nilibandika bila kutazama. Naapa, wifi, pale sikutazama. Ukuta ulikuwa umejaa karatasi za uchaguzi, miwani ilikuwa mkobani, nikaona karatasi nikapaka gundi juu yake. Kwenye duka la mkate ndipo nilipovaa miwani, nimnyooshe asikae upande. Nikasoma. Muhuri wa halmashauri, ramani, njia ndefu kwa mstari mwekundu, njia fupi kwa mstari wa bluu, tarehe, saa, wakazi wote mnaombwa kufika.

Nilifurahi kwanza. Nataka uamini hilo. Nilisema kwa sauti, Minko, wamekujibu. Kisha lori likapita nyuma yangu, upepo wake ukanivuta koti, nikawaza Alhamisi isiyo na honi. Nikajiona nimekaa dirishani asubuhi, barabara tupu, vyombo vimetulia kabatini, na mimi hapo na kahawa yangu mpaka jioni. Niliogopa, wifi, kuliko nilivyoogopa siku ya maziko, maana siku ile angalau watu walikuwa wengi.

Nikaichovya brashi. Pembeni ya tangazo lile palikuwa na nafasi tele. Nilimbandika juu yake, nikapangusa kona zote nne kwa kiganja. Nikajiambia kwamba marehemu ana haki ya mahali pake kuliko karatasi ya ofisi, na kwamba halmashauri lazima watabandika nyingine. Halafu nikaenda lango la makaburi, halafu nguzo ya kwa Stamen. Huko sikuhitaji miwani kujua ninachofanya. Yale saba yaliyobaki niliyabandika sijui hata wapi.

Hawakubandika nyingine. Walisema baadaye kwamba tangazo lilikuwa kwenye mtandao pia. Mtaa wa Chini nusu yetu tuna miaka sabini, mtandao wetu ni duka la mkate.

Siku ya mkutano ilifika. Nilikaa nyumbani nikitazama saa ya ukutani mpaka ikapita saa yenyewe. Mtaa mzima ulikuwa unanunua ngano na mishumaa kwa ajili ya Jumamosi ya wafu, hakuna aliyekuwa na habari. Ukumbini hakufika mtu wetu hata mmoja.

Jumamosi ile tulikwenda makaburini wote, kama desturi. Nilichemsha ngano, nikaitia sukari na jozi za baba yenu, nikagawa kwenye vikombe. Stamen alimmwagia mvinyo mkewe kwanza, kisha akaja kwa Minko. Unajua anavyozungumza na wafu kama wako kwenye foleni naye. Akamwagia, akamwambia, “Bado hawajatujibu, kaka. Usijali, nitawafuata mimi.” Nilikuwa nimeshika kikombe cha ngano karibu yake kabisa. Nikamkabidhi, akala, akaniombea maisha marefu.

Habari ilitufikia Alhamisi iliyofuata. Njia fupi imepita, na kwenye karatasi zao imeandikwa kwamba Mtaa wa Chini hauna pingamizi. Jioni ile watu walijaa uani kwangu, kwa sababu faili la Minko liko kwangu. Stamen alikuwa mbele, hata kuketi hakutaka.

“Wametuficha!” alisema. “Hayo matangazo wameyabandika wapi, kwenye makalio yao?”

“Wanasema kwetu walibandika manne,” alijibu Tonka, mwenye duka la mkate.

“Manne yapi? Mimi macho sina?”

“Na mimi je? Mlango wa duka naufungua kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Pale yupo Minko peke yake, Mungu amrehemu.”

“Na kituoni?”

“Kituoni pia ni Minko.”

Nilidhani sasa watageuka wote wanitazame. Badala yake mzee mmoja akapangusa macho akasema, “Angekuwa hai, wasingethubutu,” na wote wakaitikia kwamba kweli wasingethubutu. Nikasema ngoja niwaletee rakia. Niliingia stoo nikasimama katikati ya chupa zangu za pilipili, nikazihesabu zote, nikatoka na sinia la glasi, tukanywa, tukamlaani meya.

Kesho yake Stamen alirudi peke yake. Unajua kuvuka barabara kwetu ni safari, niliyahesabu malori tisa kabla hajapata mwanya. Akakaa kwenye benchi, akavua kofia akawa anaizungusha mikononi.

“Shemeji, kosa ni langu,” aliniambia.

“Kosa gani?”

“Muhuri niliuona. Pale nguzoni kwangu, chini ya kidevu cha Minko, mvua imekunja kona na muhuri wa halmashauri umejitokeza. Wiki mbili nimekuwa nauona nikitoka, nauona nikiingia. Nikasema huku chini kuna karatasi ya ofisi, hebu niifunue kidogo. Mkono ukakataa. Nitambandua vipi rafiki yangu?”

“Hukukosea, Stamen.”

“Nilikosea! Kona tu, shemeji, ningeinua kona tu! Parvoleta angeniita zuzu, na ningestahili.”

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo, nikamuuliza kama atakunywa kahawa. Akasema hapana, asante, akaenda kusimama ukingoni kusubiri barabara imruhusu kurudi kwake. Nilimtazama mgongo wake. Mtu aliyefiwa na mke kwa lori anajilaumu kwa heshima aliyompa mume wangu, na mimi nimemwacha aondoke nao mzigo huo. Siku tatu sikula kitu cha maana.

Jumanne nilivaa koti la kanisani nikaenda halmashauri. Walinipeleka kwa mhandisi wa barabara, binti mdogo tu, jina lake Yoana, ana kipini puani na sauti ya upole. Nilimweleza yote, la kwanza ambalo sikujua na matatu ambayo nilijua. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Mama,” akasema, “unaelewa kwamba itabidi niandike jina lako?”

“Andika. Sina jingine.”

“Kama matangazo yalifunikwa, mkutano unarudiwa, ndiyo sheria. Lakini lazima niuone muhuri wetu chini ya karatasi yako.”

Akanichukua kwa gari lake mpaka nguzoni, mbele ya kwa Stamen, kwa sababu pale kona ilikuwa imeshajikunja. Alikuwa na kisu cha kukatia karatasi. Akakipeleka kwenye shavu la Minko, akakirudisha.

“Siwezi,” akasema. “Mbandue wewe, mama.”

Mtoto wa juzi, na kipini chake puani! Basi nikaanza mimi. Gundi yangu ilikuwa nzuri mno. Kila nilipovuta, karatasi mbili zilitoka pamoja, hazikubali kuachana. Nilianzia chini ya kidevu nikapanda polepole, nikipenyeza kucha, nikimwomba radhi kwa sauti, malori yakipita mgongoni mwetu. Ilipotoka yote Yoana aliiinua kuelekea jua, na ile ramani ikaonekana kwa ndani, mstari mwekundu umepita kwenye paji la uso wa kaka yako. Akapiga picha, akaikunja taratibu na kuiweka kwenye bahasha.

Nilipogeuka Stamen alikuwa amesimama getini kwake. Sikujua amesimama tangu lini.

“Ulijua?” aliniuliza.

“La kituoni sikujua. Hayo mengine nilijua.”

“Hili la kwangu ulijua?”

“Nilijua.”

“Kwa nini, shemeji?”

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, yote yakanipotea. Nikamwambia ukweli mtupu. “Malori yakihamishwa sitabaki na mtu wa kunipungia mkono.”

Alicheka, kicheko kibaya, sijawahi kukisikia kwake. “Mtu? Na mimi ni nini? Mimi nakaa hapa, hatua ishirini toka mlangoni kwako! Tangu tumzike Minko kila asubuhi navaa viatu nije tunywe kahawa. Nasimama hapahapa. Lori. Lori. Lori jingine. Miguu inachoka, narudi ndani navua viatu. Miezi saba, mwanamke wewe! Umewang’ang’ania haohao wanaonizuia kuja!”

Yoana alikuwa anatazama viatu vyake. Stamen aliingia ndani akafunga geti, na kwa mara ya kwanza nikasikia komeo la geti lile likipigwa.

Nimejiuliza sana kwa nini sikumwona. Nakaa dirishani kutwa, namtambua Dursun kwa mlio wa injini akiwa bado darajani, na jirani yangu akisimama getini kwake na viatu vya kutokea sikumwona. Nadhani nilikuwa natazama kinachopita tu. Aliyesimama tuli upande wa pili nilimhesabu pamoja na nyumba.

Tangu Jumanne mtaa mzima unajua. Tonka ananiuzia mkate, anauweka mezani, anageukia rafu mpaka niondoke. Hakuna aliyenitukana. Ningependa mmoja anitukane. Yale matangazo matatu niliyabandua mwenyewe mbele ya Yoana, nikayabandika upya pembeni. Picha zimechanika kidogo, kwenye duka la mkate Minko amepoteza sikio. Watu wanapita wanamtazama yeye, mimi hawanitazami.

Mkutano utarudiwa Alhamisi, tarehe 5 Desemba. Nimeomba nizungumze wa kwanza. Nitabeba faili lake lote, nitasimama niseme kwamba Mtaa wa Chini unataka njia ndefu, na nitaeleza ni nani aliyesababisha tusifike mara ya kwanza. Yoana anafikiri tukijaa ukumbini njia ndefu itapita. Nami nadhani itapita. Miaka miwili, mitatu, malori yatahamia nyuma ya mizabibu, na huku kwetu patakuwa kimya. Sijifanyi shujaa, wifi. Bado nakiogopa kimya hicho. Nitaipigania njia ile, na itakapofunguliwa sijui kama kuna mtu atakayevuka kuja kwangu.

Asubuhi natoka na kahawa, vikombe viwili, nakaa kwenye benchi nje badala ya dirishani. Siku tano sasa. Pazia la Stamen halijafunguliwa upande wa barabara. Kikombe cha pili nakimwaga kikishapoa.

Sasa ombi langu, na ndilo lililonikalisha kuandika. Tangu Minko afariki huwa namuuliza mambo na kumjibia mwenyewe: kama tuuze shamba, kama chumvi imezidi. Juzi nilimuuliza kama amenisamehe. Nikamjibia ndiyo, harakaharaka, kabla sijamaliza kuuliza. Ndipo nikashtuka. Ninamjibia ninavyotaka mimi, wifi, na hawezi kunikatiza. Wewe ulimjua kabla yangu, ulimjua mtoto, ulimjua akiwa na hasira ambazo kwangu alijifunza kuzificha. Niambie angesema nini. Usinihurumie kwa sababu niko peke yangu, maana kujihurumia kwa kuwa peke yangu ndiko kulikonifikisha nguzoni na brashi. Na kama ni kunigombeza, nigombeze kwa kirefu, jaza kurasa. Nitaisoma kwa sauti hapa jikoni, na itakuwa ni watu wa nyumba hii wanazungumza.

Nisalimie Plamen, msalimie Silvia na mumewe, na wale mapacha ambao bado sijawapakata. Ognyan na mkewe wanakusalimu. Nafikiri Stamen naye angekusalimu, lakini kwa sasa sina ruhusa ya kubeba salamu zake.

Mungu akulinde na barafu za huko, akupe miguu miwili ya kuaminika, na majirani wanaoingia bila kubisha hodi.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata utakapomaliza kusoma,

Zdravka